Weka Yako Tu, Mwanangu

Mama alikaa kwenye kiti cha plastiki, bahasha ya kaki mapajani, mikono yote miwili juu ya bahasha. Binti yake alisimama nyuma ya kiti. Stesheneri yenyewe ni chumba kimoja pale Ngamiani, mjini Tanga: kompyuta mbili, mashine ya kopi, kabati la madaftari, na feni ya mezani iliyoelekezwa kwenye mashine kuliko kwa watu. Kijana wa kompyuta alikuwa anamjazia binti maombi ya mkopo wa elimu ya juu. Alijaza jina, akajaza namba ya mtihani wa kidato cha nne, akafika mahali pa imeili.

"Imeili unayo?"

Binti akatikisa kichwa.

"Hamna neno, nakufungulia. Nipe namba ya simu, kuna tarakimu zinakuja sasa hivi."

Binti hakuwa na laini yake. Ya mama ilikuwa ndani ya kiswaswadu kilichozima chaji njiani walipokuwa wanatoka Kigombe, na saa ile kilikuwa kimechomekwa ukutani nyuma ya kabati, hakijawaka.

Mama akasema, kwa sauti ya mtu anayempunguzia mwenzake kazi: "Weka yako tu, mwanangu."

Kijana akaweka yake.

Mimi nilikuwa nimepeleka vyeti kutoa kopi. Nimeondoka pale na maneno yale ya mama na bado ninayo, wiki zinapita. Kila nikisoma habari za mtandao kufika vijijini, yananirudia.

## Huyu si mtu asiyejua simu

Kabla sijatoka niliona jambo jingine.

Kiswaswadu kiliwaka. Kijana akamtajia mama namba ya malipo ya serikali, zile tarakimu 12, polepole, tatu tatu. Mama akabonyeza *150*00# akaanza kupita menyu moja baada ya nyingine kwa kidole gumba, bila kusitasita. Alipofika kwenye namba ya siri akaigeuzia simu kifuani, akajikunja kidogo, akaibonyeza asionekane na mtu, hata na binti yake. Shilingi 30,000 za ada ya maombi zikaenda. Meseji ikaingia. Akaisoma yote, akamtajia kijana namba ya kumbukumbu, akasubiri mpaka kijana aseme "imesoma", ndipo akarudisha simu kwenye chaji.

Namba ya siri ya pesa zake aliificha kwa mtoto wake wa kumzaa. Mlango wa kuingilia kwenye maombi ya mtoto huyo, ambayo ndiyo yatakayoamua kama atasoma chuo au atabaki nyumbani, alimkabidhi mtu asiyejua hata anaitwa nani.

Mtu mmoja, chumba kimoja, asubuhi moja.

Tangu siku ile maelezo niliyoyazoea hayanitoshi tena. Tumezoea kusema watu wa vijijini wameachwa nyuma na teknolojia, kisha tukaanza kuhesabu minara. Minara ni kazi kubwa na sitaibeza. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006, umekuwa ukizipa kampuni za simu ruzuku zijenge mahali ambapo faida peke yake isingezipeleka, na Mei 2023 ilisainiwa mikataba ya minara 758 katika kata 713. Aliyewahi kupanda kilima kule Kilindi akiwa ameinua simu juu kutafuta mtandao anajua thamani ya jambo hilo.

Ila mama wa Kigombe mtandao anao. Simu anayo. Huduma za pesa kwa simu anazijua kunishinda.

Binti naye kukosa laini si uzembe. Laini husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Wote tunaikumbuka Januari 2020, zilipoanza kuzimwa laini ambazo hazikusajiliwa hivyo. Mtoto aliyetoka shule ya bweni juzi, ambako simu hairuhusiwi, mara nyingi namba hiyo ndiyo kwanza anaifuatilia. Tunamtaka awe na imeili, laini, na kitambulisho kwa wiki zilezile anazotakiwa kuomba chuo na mkopo. Tunamfundisha uzazi wa mimea miaka sita, hatumfundishi kufungua imeili yake na kuilinda.

## Mama alifundishwa na nani?

Nimejiuliza sana ile nidhamu ya kugeuzia simu kifuani imetoka wapi. Hakuzaliwa nayo. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, na wengi tulikuwa watu wazima tukisikia kwa masikio yetu wazee wakiapa kwamba pesa haiwezi kukaa kwenye simu. Leo wazee walewale ndio wanaokukumbusha utume na ya kutolea.

Walifundishwa na jinsi huduma ilivyopangwa. Menyu inasema Kiswahili. Inafanya kazi kwenye simu yoyote, bila bando. Kwa wakala pana bango la makato ukutani. Meseji inaingia kwenye simu yako wewe, palepale mkiwa mmetazamana, ikitaja jina, kiasi, makato na salio. Namba ya siri unaibonyeza kwa kidole chako. Wakala akikuomba umtajie, hata mtoto anajua huyo ni mwizi.

Nguvu ya mpangilio huo niliiona vizuri wakati wa tozo. Julai 2021 tozo ya serikali kwenye miamala ya simu ilipoanza kukatwa, hakuna aliyesubiri mchumi aje amweleze. Wauza samaki wa soko la Deep Sea hapa Tanga walijua kimekatwa kiasi gani, kwenye muamala upi. Watu wakarudi kutumiana pesa kwa makondakta wa mabasi. Septemba mwaka huohuo tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, na Oktoba 2022 nyingine zikafutwa. Siasa zake nawaachia wanaoziweza. Ninachokishika ni kwamba watu walilalamika kwa kuwa waliona. Kila mmoja alikuwa na ushahidi wake mfukoni, umeandikwa kwa lugha anayoisoma.

Sasa chukua vigezo hivyohivyo uingie navyo stesheneri.

## Dirisha lisilo na mwenyewe

Hakuna kinachopita nje ya stesheneri siku hizi. Uhakiki wa cheti cha kuzaliwa, TIN, leseni ya biashara, maombi ya chuo, maombi ya ajira, pasipoti, fomu za kikundi kinachotaka mkopo wa halmashauri. Serikali ilikuwa na sababu njema za kuhamishia mambo haya mtandaoni. Mimi ni wa kizazi cha bahasha: unajaza fomu kwa peni nyeusi, unafunga, unapeleka posta, unamwomba Mungu ifike Dar es Salaam kabla ya tarehe. Namba za malipo nazo zimepunguza mikono inayoshika fedha ya umma taslimu. Atakayesema turudi kule sitamsikiliza.

Lakini foleni haikuisha. Imehama tu kutoka kwenye ofisi ya serikali ikaja stesheneri, na aliyekaa upande wa pili wa meza sasa si mtumishi wa umma. Hakuapa kutunza siri. Hana bei iliyobandikwa. Atakutazama bahasha na viatu ndipo aseme elfu kumi au elfu kumi na tano. Hakuandikii kwamba leo tarehe fulani nimekujazia hiki na hiki. Akikosea, huna pa kumshitaki.

Na kioo cha kompyuta kinamtazama yeye. Mama anaona mgongo wa kompyuta na nyaya zake. Hata kioo kikigeuzwa, mifumo mingi inauliza kwa Kiingereza, kwa hiyo kijana anageuka mkalimani pia: anauliza kile alichokielewa, anaandika kile alichokisikia.

Fikiria anachokijua kijana yule kuhusu mtaa. Maombi ya mkopo yanauliza kama mzazi amefariki, na cheti cha kifo kinaambatishwa. Yanauliza kama kaya inahudumiwa na TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini. Kuna mambo ambayo majirani wa ukuta kwa ukuta hawajui, naye anayajua, tena kwa namba za vyeti. Nilipolitambua hilo nikajua lazima nirudi pale.

## Kaunta buku

Nilirudi saa za mchana, watu walipopungua. Nikamweleza nilichokiona, nikamuuliza anazitunza vipi taarifa za watu.

Hakukasirika. Alivuta mtoto wa meza akatoa kaunta buku ya kwaya mbili, jalada limechakaa kwenye pembe, imepigwa mistari ya rula kutoka ukurasa wa kwanza. Safu ya majina, safu ya imeili, safu ya paswedi, safu ya simu. Aliifungua mbele yangu, ila kabla sijasoma kitu akaifunika safu ya majina kwa kiganja. Nikaona paswedi. Karibu zote zilikuwa namna moja: jina fulani, kisha mwaka. Kwenye safu ya simu, namba yake mwenyewe ilijirudia ukurasa mzima.

"Dada, nikiwaandikia kwenye karatasi wanapoteza," akasema. "Mtu anarudi Oktoba analia. Paswedi hajui, imeili hajui, hata jina nililomfungulia hajui. Hii ndiyo inayowaokoa."

"Na siku ukihama hapa?"

Akanyamaza kidogo. "Nitamwachia tajiri wangu."

Nilipofika pale nilikuwa natafuta mkosaji. Nikatoka nikiwa na kijana mwenye adabu, aliyefunika majina ya watu bila kuambiwa, na kitabu ambacho kikianguka kwenye mikono mibaya kitafungua maisha ya nusu ya kata.

Yote mawili ni kweli. Ndipo nilipoanza kukosa usingizi.

## Binti wa jirani

Kilichonichanganya zaidi ni kisa cha jirani yangu. Binti yake alijaziwa maombi stesheneri ya mtaa mwingine, mwaka uliopita. Ukurasa mmoja ulikosa mhuri wa mwenyekiti wa mtaa. Kosa dogo, na kwa kawaida bodi ya mikopo hufungua dirisha la marekebisho, mwombaji akaingia kwenye akaunti yake akasahihisha. Taarifa ilikwenda kwenye namba iliyoandikwa. Namba ilikuwa ya kijana wa stesheneri, na kijana alikwisha hamia Dodoma, laini ile haipatikani.

Familia iligundua majina ya waliopata mkopo yalipotoka na la binti halimo. Chuo alikuwa amepata. Wakajaribu kuingia kwenye akaunti: paswedi hawana. Wakajaribu kuibadilisha: tarakimu zinakwenda kwenye laini isiyopatikana. Akaunti imefungamanishwa na namba ya mtihani ya kidato cha nne, huwezi kusema nafungua nyingine kwa namba ileile.

Binti alikaa nyumbani mwaka mzima, akimsaidia mama yake kuuza maandazi.

Stesheneri ile haikuwa na kaunta buku.

Mnaona ninapokwama? Kitabu kilichonitisha Ngamiani ndicho kilichokosekana kwa jirani yangu. Kama ningesimama na kusema vichomwe vyote kwa ajili ya usalama, ningekuwa nawafungia mlango mabinti kama huyu. Na nikisema viachwe, nakubali siri za watu walio maskini kuliko wote zikae kwenye mtoto wa meza usio na kufuli.

## Bibi alikuwa anasoma

Bibi yangu mzaa mama alisoma na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, hati nzuri, kama walivyofanya wengi wa pwani hii. Herufi za Kirumi hakuzijua. Tanga ilizipokea mapema: shule ya serikali ya Wajerumani ilikuwa hapa, na gazeti la Kiongozi lilikuwa likichapishwa hapahapa shuleni mpaka 1916. Ofisi zikaandika kwa herufi hizo, hospitali ikaandika kwa herufi hizo, barua za watoto wake waliokwenda kufanya kazi mbali zikaja kwa herufi hizo. Bibi aliyekuwa akiwasomea wenzake akawa mtu wa kusomewa. Kwenye makaratasi ya serikali akaandikwa hajui kusoma, akawekewa dole gumba.

Nimemfikiria sana bibi katika wiki hizi. Mama wa Kigombe naye ana elimu yake, ameijenga miaka mingi kwenye menyu za simu. Akaja akawekwa mbele ya mfumo unaotaka elimu nyingine, na kwa nusu saa akawa hajui kitu. Naamini kwa dhati kwamba ujinga mwingi tunaowabandika watu huwa tumeutengeneza sisi tuliopanga dirisha.

Ila bibi alikuwa na utaratibu wake. Hakusomewa na watoto, maana watoto hupayuka. Alichagua mwanamke mmoja wa mtaani, mtu wa siri. Barua ilisomwa mara mbili. Ikiisha kusomwa inarudi mkononi mwa bibi, inakunjwa, inawekwa kwenye kasha lake. Majibu aliyatamka yeye, yakaandikwa, akasomewa tena ahakikishe ndiyo maneno yake, kisha bahasha akaifunga mwenyewe kwa mate yake.

Msomaji alikuwa mwingine, lakini barua ilibaki ya bibi mwanzo hadi mwisho.

Hicho ndicho mama alichokikosa stesheneri. Aliingia na bahasha ya vyeti, akatoka na bahasha ileile ya vyeti. Akaunti, imeili, namba, paswedi, vyote vilibaki mezani kwa mwingine.

## Kina mama wa mwani

Nilipata mahali pa kushika kule pwani ya Mkinga, nilikokwenda kwa shughuli nyingine kabisa. Kikundi cha wakulima wa mwani kilikuwa kinajaza maombi ya ule mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, kwenye fungu la wanawake la asilimia 4. Maji yalikuwa yamejaa, hawawezi kuingia shambani, kwa hiyo wote walikuwa chini ya mti wa mkungu. Katibu, msichana mwenye simu janja yenye kioo kilichopasuka upande mmoja, alikaa katikati.

Alisoma kila swali kwa sauti. Likiwa la Kiingereza analisema kwa Kiswahili, na asipolielewa anasema wazi silielewi hili, wanampigia afisa maendeleo ya jamii simu ikiwa imewekwa sauti ya wote. Walifika kwenye jina la kikundi wakabishana, kwa kuwa cheti kina herufi moja tofauti na daftari la benki. Mfumo ungewakataa kwa herufi hiyo. Mtu mmoja peke yake mbele ya kompyuta asingeiona. Yaliyoiona ni macho ya wengi.

Wakafika kwenye namba ya simu. Katibu akaanza kuandika yake. Bibi mmoja, mkongwe kuliko wote, miguu yake ina makovu ya mawe ya pwani, akamzuia.

"Ya kwako hapana mwanangu. Wewe ukiolewa Horohoro je? Andika ya mwenyekiti, yeye kaburi lake liko hapahapa."

Ikaandikwa ya mwenyekiti.

Na paswedi? Walikubaliana, katibu akaiandika kwenye karatasi, ikakunjwa, ikaingia kwenye sanduku la kikoba. Waliowahi kuwa kwenye kikoba wanalijua sanduku hilo: kufuli tatu, funguo tatu, kwa watu watatu wasioishi nyumba moja. Hakuna aliyewafundisha usalama wa mtandao. Walichukua utaratibu wanaolindia akiba yao wakaupa kazi mpya, bila hata kuona wamefanya jambo la ajabu. Nilitaka kuwapigia makofi, wao wakawa wanajadili nauli ya kupeleka fomu wilayani.

Hapo nikaacha kuamini kwamba tatizo ni elimu ya kompyuta. Walichokuwa nacho ni mambo matatu aliyoyakosa mama yule: kusikia kila swali kwa lugha yao, namba iliyo yao, na paswedi iliyolala kwao.

## Ninavyoona ifanyike

Tunayo sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022 ikaanza kutumika Mei 2023, na inamtaka anayekusanya taarifa za mtu azikusanye kwa kusudi linalojulikana, asizitunze kupita haja, tena ajisajili kwa Tume inayosimamia sheria hiyo. Kwa usomaji wangu, kaunta buku ya Ngamiani iko ndani ya sheria hiyo. Lakini anayetaka kuanza na faini atafunga stesheneri, na akizifunga watu wa Kigombe watakwenda wapi? Tuwe waangalifu na haki inayomwangukia kwanza yule anayesaidia.

Mimi ningeanza na halmashauri, ambayo ndiyo inayotoa leseni ya biashara. Iweke masharti machache kwa stesheneri inayojazia watu maombi. Bei zibandikwe ukutani. Kioo kielekezwe mahali mteja anapokaa, naye asomewe anachoandikiwa kabla hakijatumwa. Namba ya simu iwe ya mteja au ya ndugu yake, hata ikibidi kusubiri simu ipate chaji. Mteja aondoke na karatasi yenye jina la akaunti, tarehe, na jina la aliyemjazia, na paswedi aiandike kwa mkono wake.

Shule nazo zina nafasi. Baada ya sensa ya Agosti 2022 vishikwambi vilivyotumika kuhesabia watu viligawiwa walimu. Vifaa vipo. Mwanafunzi wa kidato cha sita anaweza kutoka shuleni na imeili aliyoifungua mwenyewe, paswedi anaijua, na amewahi kuitumia kuandika barua halisi. Hili nalisema kwa uchungu, kwa sababu halihitaji mnara wala bajeti ya wizara. Linahitaji kipindi kimoja au viwili na mwalimu mwenye nia.

Na Maktaba ya Mkoa ipo, katikati ya mji. Meza moja pale, mtu mmoja aliyeajiriwa na anayewajibika, kwa miezi ile ya maombi tu, ingempa mama chaguo la pili.

Wengine wataniambia kusaidiwa kunawalemaza watu, wajifunze wenyewe. Nimelipima hilo. Wakili anakuandikia hati na hakuna anayesema umelemaa. Kujifunza kunakuja, kina mama wa mwani wanajifunza kila siku, ila dirisha la mkopo halimsubiri mtu amalize kujifunza.

## Palipofikia

Kijana wa Ngamiani nimezungumza naye tena. Kioo amekigeuza, sasa kiko ubavu kwa mteja, na amesogeza kiti. Kuandika namba yake amekubali kuacha, na ameanza kuwapigia walioko kwenye kitabu, mmoja mmoja, waje kubadilisha. Kaunta buku amekataa kuiacha. Anasema atakapopewa njia nyingine ya kumsaidia anayerudi akilia, ataileta mwenyewe ichanwe. Kwa sasa imehamia kwenye kabati lenye kufuli.

Bei ndiyo imegoma, na aliyegoma ni tajiri wa duka. Anasema akibandika yeye peke yake, mwenye duka la jirani atashusha elfu moja na wateja watahama siku hiyohiyo. Anasema kweli. Bango la makato halikuletwa na wakala mmoja mwema; kampuni ziliwabandikia wote. Kwa hiyo nimeandika barua kwa mkurugenzi wa halmashauri, na mwenyekiti wa mtaa wetu amekubali jambo hili liingie kwenye ajenda ya mkutano ujao. Nimemwomba tajiri aje aseme palepale alichoniambia mimi. Amesema atakuja, na atamleta na yule wa duka la jirani. Wenye stesheneri wengine wa Ngamiani, mkutano ni wa hadhara, njooni. Bei mtakazozitaja ndizo tutakazoanza nazo.